Maziwa ya Nanyokie

Umeme uliporudi asubuhi ile, Salome Habakuki alikaa kwenye kompyuta ya pembeni katika kibanda cha intaneti cha Bonaventura, nyuma ya stendi ya mabasi ya Korogwe, akaendelea kuwaandikia wateja barua pepe kuhusu dawa ya kuogeshea ng'ombe. Kibanda kilikuwa na kompyuta tatu na waya mmoja wa simu. Simu ya mezani ikiita, mtandao unakatika, kwa hiyo Bonaventura alikuwa ameifunika kwa kitambaa cha kochi, kana kwamba mtu wa Tanga akitaka kupiga angekiona kile kitambaa akaghairi.

Ilikuwa miaka ile serikali ilipokuwa ikijitoa kwenye biashara, chumba kwa chumba, kama mpangaji anayehama bila kuaga. Mashamba ya mkonge yaliuzwa, na baba yake Salome, mjukuu wa manamba waliokuja kukata mkonge wakasahau kurudi kwao, akarudishwa nyumbani pamoja na kisu chake. Majosho ya mifugo yalikauka. Dawa ya kupe iliyokuwa ikitolewa na serikali sasa ilikuwa ya kununua, na aliyeiuza ni Deogratius, bwana mifugo wa zamani aliyepunguzwa kazini akaibuka na kampuni. Dawa yake iliitwa Neema. Ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa na harufu ya mafuta ya taa, na zaidi ya hapo hakuna aliyekuwa na hakika nayo.

Kazi ya Salome ilikuwa hizo barua. Wenye maduka ya pembejeo Iringa, Morogoro na Arusha walikuwa wameanza kupata anwani za barua pepe. Walizipokea barua hizo, wakazichapa kwenye karatasi, wakawagawia wafugaji waliokuja dukani. Mwanzoni Salome aliandika alichokijua: dawa inachanganywa na maji kiasi gani, inaua kupe wa aina gani, mtu anawe mikono vipi akimaliza. Hakuna aliyejibu.

Deogratius akamwita ghalani. Alikuwa ametoka kwenye semina Dar es Salaam, na bado alikuwa amevaa kifuani kile kikaratasi chenye jina lake.

“Salome, mteja hanunui chupa,” akamwambia. “Ananunua ng'ombe wake atakavyokuwa kesho. Mwonyeshe huyo ng'ombe. Akishamwona, chupa ataitafuta mwenyewe.”

Salome akasema hajawahi kufuga ng'ombe. Deogratius akampa nauli aende nyika ya Handeni, amtazame ng'ombe mmoja mzuri mpaka ashibe, ndipo aandike. Baba yake Salome aliposikia safari hiyo alicheka. Kizuri chajiuza, alisema, kibaya chajitembeza. Lakini hakucheka sana, maana ugali aliokuwa anakula ulitoka kwenye hicho kinachojitembeza.

Salome alishuka Misima akaingia porini kwa miguu mpaka bomani kwa Lesiamon, mfugaji wa Kikwavi aliyekuwa amefiwa na mke wakati wa uzazi. Lesiamon alibaki na mama yake, Nkoile, na kichanga kilichoitwa Nasieku, na ng'ombe wachache waliokondeshwa na ndigana, ugonjwa uletwao na kupe, na ng'ombe mmoja asiyekonda. Huyo mmoja aliitwa Nanyokie, yaani yule mwekundu. Nasieku aliishi kwa maziwa yake. Walikuwa wamemjaribu kwa maziwa ya mbuzi, ya kopo kutoka misheni, ya ng'ombe wengine wa boma, yote aliyatema. Ya Nanyokie aliyanywa, akalala.

Salome alimtazama Nanyokie mchana kutwa. Alitazama ngozi yake inavyolishika jua. Alisikiliza kengele yake. Aliona kivuli chake cha adhuhuri, kilichotosha ndama wawili kulala. Jioni alimwona Lesiamon akikamulia kwenye kibuyu ambacho Nkoile alikuwa amekisugua ndani kwa kijinga cha moto, ili maziwa yashike harufu ya moshi. Kisha Nkoile akachuchumaa ubavuni mwa ng'ombe, akaanza kutoa kupe kwa vidole, mmoja mmoja, akiwatupia kwenye kopo la majivu ya moto. Alipapasa nyuma ya masikio, chini ya mkia, katikati ya mapaja. Ndivyo alivyofanya kila jioni tangu ng'ombe huyo akiwa ndama. Chupa ya Neema haikuwa imewahi kufika pale, kwa sababu hawakuwa na uwezo nayo. Salome akaliona hilo, na hapo hapo akaona kwamba si lazima barua iliseme.

“Ng'ombe huyu ni mzuri sana, bibi,” akasema, na alikuwa anasema kwa moyo wake wote.

Nkoile akatema mate kidogo kwenye ubavu wa ng'ombe, haraka, akamgeukia Salome kama anayengoja zamu ya mwenzake. Salome alidhani bibi ana kikohozi. Alikulia kwenye kambi ya mkonge, akafundishwa shikamoo, na kupokea kwa mikono miwili, na kutotema mate mbele ya watu wazima. Hakuna aliyemwambia kwamba kwa wafugaji wale mate ni baraka, na kwamba anayekisifu kitu asikitemee mate amekichukua.

Barua ya kwanza aliiandika kuhusu ngozi. *Asubuhi jua likimpiga ubavuni, utamtazama ng'ombe wako ukajiona uso.* Akabonyeza, ikaenda. Haukupita muda mwenye duka wa Iringa akajibu kwamba wafugaji waliosomewa barua ile wameamka na kukuta ng'ombe wao wanang'aa, na mmoja amenyoa ndevu mbele ya fahali wake bila kioo. Aliomba katoni zaidi. Barua ya pili ilikuwa ya kengele: *Utamsikia kabla hujamwona, na utajua yuko salama.* Huko Morogoro mitamba wasio na kengele wakaanza kulia kengele wakitembea, na wachungaji wakafurahi kwa kupunguziwa kazi. Ya tatu ilikuwa ya kivuli. Arusha ndama wakapata pa kulala mchana.

Deogratius akanunua pipa jingine, akalijaza kwenye bomba la uani, akamimina dawa kidogo ili ipatikane ile rangi. Akamwongezea Salome mshahara. Akamwambia lililobaki ni maziwa, maana mtu akisharidhika na mng'ao atauliza kikombe. Arudi Handeni akayatazame vizuri.

Salome alirudi. Nanyokie alikuwa amesimama kwenye jua kali, amepauka kama gunia lililoanikwa. Aliinamisha shingo kula, ulimi wa kengele ukagonga huku na huku, pasisikike kitu. Chini yake ardhi yote ilikuwa na mwanga sawasawa. Salome alijua mara moja, kama mtu anavyozijua nguo zake zikiwa zimevaliwa na mwingine.

Nkoile alimpa kigoda. Nasieku alikuwa mgongoni kwake, amelala, mdomo una ukoko wa maziwa.

“Ulimsifu?” Nkoile akauliza.

“Nilimsifu, bibi. Kwenye kompyuta.”

“Ukatema mate?”

“Sikutema.”

“Basi,” akasema Nkoile, kwa sauti ya mtu aliyeona mbuzi wanapitia wapi kwenye ua.

Lesiamon akataka kujua vitu vyenyewe viko wapi kwa sasa. Salome akamwambia: mng'ao uko Iringa, sauti ya kengele iko Morogoro, kivuli kiko Arusha. Lesiamon akatikisa kichwa. Arusha alikuwa na binamu. Alisema angalau kivuli kiko karibu na watu. Hakumtukana Salome wala hakumfukuza, na hilo lilimuumiza Salome zaidi, kwa kuwa aliyetukanwa huwa na la kujibu.

“Mng'ao hauliwi,” Nkoile alisema. “Kengele hailiwi. Lakini maziwa usiyaguse, mwanangu. Mtoto huyu hana mahali pengine.”

Salome akaapa kwamba hatayagusa.

Alimweleza Deogratius yote, akitarajia angalau ashtuke. Deogratius alisikiliza hadi mwisho huku akibandika nembo kwenye chupa.

“Kila thamani inatoka mahali, Salome,” akasema. “Ulidhani inatoka humu?” Akaigonga chupa kwa kucha. Kisha akamkumbusha kwamba wako wasichana wengi waliomaliza kidato cha nne.

Ni rahisi kusema angeacha kazi. Korogwe ya wakati ule, kazi nyingine iliyokuwepo ilikuwa kuwauzia abiria machungwa madirishani, na wauzaji walishakuwa wengi kuliko madirisha. Salome alifikiri safari nzima kutoka ghalani hadi kibandani, akaona kuna njia moja. Akakaa, akaandika barua ndefu kuhusu maziwa, nzuri kuliko zote alizowahi kuandika, yenye kila alichokiona bomani. Alipomaliza akaangalia kushoto na kulia, akatema mate kidogo juu ya kibodi, ndipo akabonyeza. Bonaventura akamletea kitambaa afute. Akamwambia kwa upole kwamba kwa wateja wanaotema mate kibodi inalipiwa.

Barua ikafika kote. Majibu yakaja mengi, na yote yalikuwa ya shukrani. Mfugaji wa Iringa alisema baada ya kusomewa alitoka nje akasimama na ng'ombe wake hadi giza, akagundua kwamba maziwa yao hayana kasoro. Mwingine alisema hajawahi kufurahi hivyo na ng'ombe aliyenaye. Hakuna aliyeagiza hata chupa moja. Huko Handeni, Nanyokie alikamuliwa kama kawaida, na Nasieku akanywa.

Deogratius alizisoma zile shukrani, uso umemkunjamana.

“Barua hii imewatosheleza watu,” akasema. “Barua ya biashara haimtoshelezi mtu, Salome. Nyingine tutaiandika pamoja.”

Akaja mwenyewe kibandani. Bonaventura akamletea kiti, naye akakaa nyuma ya Salome, karibu, mkono ameuweka juu ya egemeo la kiti chake. Bonaventura alikuwa amemwambia kuhusu mate, na kwa agizo lake alikuwa ameitandazia kibodi nailoni na kusimama kando yake na kitambaa mkononi. Salome akaandika polepole. Aliamua kuandika vibaya. Akaandika kwamba maziwa yatakuwa mengi na bora. Akaandika kwamba familia itafurahi.

“Hilo kila mtu anasema,” akasema Deogratius nyuma yake. “Maziwa ya vipi? Weka kitu kimoja cha kweli. Kimoja tu.”

Salome akasema hakioni. Akakaa vidole vikiwa juu ya nailoni. Nje wapiga debe walikuwa wanaita Mombo, Lushoto, Lushoto, Mombo. Alijilazimisha kumfikiria Nasieku, na alimfikiria kweli, na ukoko ule mdomoni mwake. Lakini sentensi iliyokuwa kwenye kioo ilikuwa imekatika katikati, mbaya, kama meza yenye mguu mfupi, na yeye alijua hasa kinachopungua. Hakuna aliyempiga. Hakuna aliyemtishia siku ile. Ulikuwa ni ule uchu wa mtu anayejua kuandika akiona mahali neno linapotakiwa kukaa. Vidole vikaenda.

*Yatakuwa mazito, na yatanukia moshi wa kijinga, kama yaliyokaa kwenye kibuyu cha bibi yako.*

“Hapo,” akasema Deogratius, akashusha pumzi.

Mdomo wa Salome ukajaa mate. Alimwona Bonaventura na kitambaa chake. Aliuona mkono wa bosi ukisogea kuikinga kibodi. Bado angeweza kuinamisha kichwa. Akameza. Deogratius akanyoosha kidole na kubonyeza mwenyewe.

Baada ya siku chache Lesiamon alishuka stendi ya Korogwe, na Nasieku kifuani ndani ya shuka, na kibuyu kitupu begani. Aliulizia hadi akafika kibandani. Mtoto alikuwa analia kilio cha chini, kisicho na nguvu tena, na macho yamemwingia ndani. Lesiamon akamsalimu Salome, akamuuliza habari za baba yake. Kisha akasema:

“Yamekwenda. Nimekuja kuuliza ni wapi. Kama ni Arusha, nijue nauli.”

Salome hakuweza kumtazama. Alisema barua ya mwisho ilikwenda kila mahali, hata kwa mwenye duka la hapa hapa Korogwe. Akafunga kompyuta, akamchukua Lesiamon hadi Manundu kwa Mama Zamda, mjane aliyefuga ng'ombe mmoja wa kisasa uani, akimwogesha kwa Neema, na kuuza maziwa kwa majirani. Walikwenda kwa haraka, Salome mbele, akitaka mtoto anyamaze na akiogopa anyamaze.

Mama Zamda alikuwa anakamua. Walipoingia uani Lesiamon alisimama ghafla, akanusa. Maziwa yalikuwa yanatoka kwenye chuchu yakinukia moshi. Mama Zamda akasema ndivyo yanavyotoka siku hizi, hata chai haitaki tena iliki. Akamimina kidogo kwenye kikombe cha bati, Lesiamon akachovya kidole, akampa mtoto. Nasieku akaacha kulia. Akashika kidole kwa mikono yote miwili, akanyonya, akatafuta kingine. Salome akakaa chini kwenye kizingiti, akalia bila kujificha.

Mama Zamda, aliyependa biashara yenye mazungumzo, akamweleza Lesiamon kwamba siri ni dawa. Akachomoa karatasi iliyochomekwa darini, ile aliyopewa dukani pamoja na chupa, akamsomea kwa sauti. Lesiamon alisikiliza ameinamisha kichwa, kama anayesomewa salamu za ndugu aliye safarini.

“Ndiye,” akasema iliposomwa hadi mwisho. Akaitemea mate kidogo ile karatasi, kwa heshima.

Mama Zamda akaifuta kwenye kanga. Hakikubadilika kitu, mate yalikuwa yamechelewa, na ile ilikuwa karatasi moja kati ya nyingi. Akampimia Lesiamon maziwa ya kujaza kibuyu, akapokea pesa, akamshauri kwa nia njema kwamba naye amnunulie dawa ng'ombe wake. Lesiamon akasema atalifikiria.

Tangu hapo Lesiamon alipanda basi la kwanza kila asubuhi kwenda kununua maziwa, na kuuza mbuzi pale nauli ilipokwisha. Makondakta walimzoea. Nkoile aliacha kukifukiza kibuyu, kwa kuwa maziwa yalikuja yamekwisha kufukizwa. Salome alimwambia Deogratius kwamba hataandika tena, na Deogratius hakubishana, kwa sababu barua zilizokwisha kuandikwa zilitosha. Alimweka kwenye kubandika nembo na kupokea malalamiko. Yeye mwenyewe kila wiki alibadilisha tarehe na kuzituma upya.

Malalamiko hayakuwepo, mpaka malaria ilipomwangusha Nkoile. Jioni moja hakuweza kuamka kumtoa Nanyokie kupe, na jioni iliyofuata pia. Ndipo Iringa wakaandika kwamba mng'ao unafifia. Morogoro wakasema kengele zinakwaruza. Mama Zamda akaja ghalani mwenyewe akiwa na chupa yake, akasema maziwa yamekuwa mepesi kama maji ya mchele, na yule mtoto wa Kikwavi ameanza kuyatema.

Deogratius alipopata habari za ugonjwa wa bibi, hakukawia kuelewa. Alimpa Salome dawa za malaria, sukari, majani ya chai na nauli. Akamwambia ampe bibi pole ya kampuni nzima, na amwombe, akipata nafuu, asimsahau ng'ombe.

Salome alimkuta Nkoile amekwisha kuamka. Alikuwa amemsikia mjukuu akilia mchana kutwa juu ya kibuyu kilichojaa, hakungoja kuombwa. Alijikongoja kwa fimbo hadi kwa Nanyokie, akachuchumaa mahali pake pa siku zote, akaanza nyuma ya masikio. Alimeza vidonge alivyoletewa, akashukuru, akaendelea.

Salome akaweka mfuko wa sukari chini. Akazunguka upande wa pili wa ng'ombe, akachuchumaa, akauliza aanzie wapi. Nkoile akamwonyesha katikati ya mapaja, wanakojificha wakubwa. Walifanya kazi hiyo mpaka kopo la majivu likaanza kutoa harufu. Ng'ombe alikuwa amebaki mifupa na rangi isiyo rangi, lakini ngozi yake mikononi ilikuwa na joto, na ilikuwa safi.

“Ni mzuri,” Salome akasema. Na safari hii akatema mate.

Nanyokie akatikisa sikio. Nkoile akaitikia kwa kichwa, kwamba ndivyo inavyofanywa, akamsogezea kopo. Kule Manundu Mama Zamda alikuwa anasuuza ndoo ili akamue.